Plagini ya Mume Wangu Inafanya Kazi Kwake Tu

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari mbele ya ofisi yetu, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika na kazini siwezi kulia, naomba univumilie mpaka mwisho hata kama mambo yangu yatakuchosha, maana mimi mwenyewe yamenichosha mpaka nimeanza kuongea peke yangu jikoni na watoto wananichungulia mlangoni.

Mimi ni mke na mama, kazi yangu ni kupima programu za kompyuta kabla hazijamfikia mteja, yaani nalipwa kutafuta makosa ya watu, na mume wangu ni mtengenezaji wa programu, tulisoma darasa moja chuoni, wenzetu wakampa jina la Bingwa na kwa bahati mbaya akaliamini. Si mlevi, hanipigi, hana mwanamke wa nje ninayemjua, watoto anawapenda, na kwa hiyo kila ninayemweleza shida yangu ananiambia nimshukuru Mungu. Namshukuru. Lakini Mungu naye anaona.

Shida yenyewe ilianza kwa wema. Mama mkwe wangu alikuwa mhariri wa vitabu maisha yake yote, mtu wa kusahihisha hata kadi za mwaliko wa harusi, halafu presha ya macho ikamla macho polepole, likaanza la kulia, likafuata la kushoto, mpaka akawa haoni kabisa. Sasa kuna programu moja ya bure inayowasomea wasioona yaliyomo kwenye kompyuta, inasema kila kitu kwa sauti, barua, gazeti, mpaka jina la kitufe ulichobonyeza, na wengi wanaitumia, ila Kiswahili ilikuwa inakisoma kama mtalii aliyepotea njia, neno "ng'ombe" inalitamka kama mtu aliyekwamwa na mfupa, na mama anaisikiliza huku ameshika kichwa, anasema, "Upofu nimeukubali, lakini hili la kutukaniwa lugha yangu kila asubuhi silikubali."

Ndipo mume wangu akaamua kumtengenezea plagini. Plagini, mshauri, ni kipande kidogo cha programu unachokipachika kwenye programu kubwa ili ile kubwa iweze jambo ambalo haikuliweza. Alihangaika nayo miezi na miezi, akarekodi sauti, akakata, akaunganisha, na siku mama alipoisikia kompyuta ikimsomea Kiswahili cha kueleweka, kwa sauti ya mwanamke mtulivu, mama alilia, mimi nikalia, na Bingwa akatoka nje akijifanya anaangalia tairi. Siku ile nilimpenda upya, sikufichi.

Sasa sikia kilichofuata. Ile programu kubwa, wenyewe wanaitoa kwenye tovuti yao ikiwa imeshakompailiwa, yaani imeshageuzwa kutoka maandishi ya mafundi ikawa kitu ambacho kompyuta inakiendesha, wewe kazi yako ni kupakua na kusakinisha, basi. Hilo ndilo toleo rasmi, na ndilo walilonalo watu wote isipokuwa mume wangu na mama yake. Yeye alichukua yale maandishi ya mafundi, maana yako wazi kwa yeyote, akabadilisha hapa, akapachua pale, akaikompaili mwenyewe kwa kompaila mpya kabisa, yaani chombo cha kugeuzia maandishi hayo, kisha plagini akaijenga ikae juu ya hiyo ya kwake. Ukiipachika kwenye toleo rasmi haikai. Siku nyingine inakataliwa mlangoni, siku nyingine inakubaliwa, inasoma sentensi mbili, halafu programu nzima inaanguka na kompyuta inanyamaza kimya. Wewe na mimi programu ikianguka tunasonya, tunaifungua tena. Kwa asiyeona, kompyuta ikinyamaza ni kama amefungiwa mlango kwa nje, hajui kimetokea nini wala abonyeze wapi.

Watu wa chama cha wasioona wakapata habari kupitia kwa mama, wakaiomba, mume wangu akaiweka kwenye ukurasa wake watu wapakue, na namba ya simu ya msaada akaweka yangu, kwa sababu yeye hapendi kusumbuliwa akiwa anafikiri.

Mshauri, zile simu! Niko sokoni, simu. Niko kwenye kikao na bosi ananitazama, simu. Namwogesha mtoto, simu, na kila mmoja anaanza kwa upole, "Dada, samahani, kompyuta imenyamaza." Nikirudi nyumbani namwambia mwenye plagini, naye bila hata kugeuza shingo ananijibu, "Kwangu inafanya kazi." Namwambia kwako inafanya kazi kwa sababu wewe huna toleo walilonalo watu. Anasema, "Basi wasakinishe la kwangu." Nikamwonyesha ukurasa wa wenye programu, wameandika wazi kabisa kwamba toleo rasmi limejengwa kwa kompaila fulani na mipangilio fulani, anayetaka plagini yake ikubaliane nalo ajenge kwa hiyohiyo. Akasoma, akacheka.

"Kompaila hii ni ya makumbusho. Mimi nirudi nyuma hivyo? Ili iweje?"

"Ili ifanye kazi."

"Inafanya kazi."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Naapa hivyo ndivyo tulivyoongea, na siyo mara moja.

Kuna dada mmoja kwenye chama, wote tunamwita Mchapaji, kazi yake ni kusikiliza sauti za mikutano na kuzichapa, na vidole vyake ukivisikia utadhani mvua juu ya mabati. Aliitwa kwenye usaili wa kazi ya kudumu, akaenda na kompyuta yake, yenye toleo rasmi na plagini ya mume wangu, wakampa waraka wa Kiswahili ausome na kuusahihisha mbele yao. Kompyuta ikasoma kichwa cha habari, ikanyamaza. Akakaa pale vidole juu ya vitufe akingoja, nao wanangoja, mpaka mmoja akamuuliza kwa adabu, "Umemaliza?" Wakamshukuru kwa kuja. Jioni akanipigia, na mshauri, kama angenitukana ningevumilia, lakini aliniuliza tu, "Dada, kabla sijaifuta, labda kuna kitu nilikosea mimi?" Nilimweleza Bingwa. Akasema, "Alipaswa kuijaribu kwanza nyumbani." Alikuwa ameijaribu. Siku ile nyumbani ilikuwa imeamua kufanya kazi.

Basi nikafanya nilichofanya. Mapumziko ya mchana kazini, wenzangu wakienda kula, mimi nikabaki mezani, nikaitafuta ile kompaila ya zamani, nikachukua faili za toleo rasmi, nikaondoa kila mahali ambapo plagini ilikuwa inaegemea mabadiliko yake binafsi, nikaijenga upya, kisha nikaijaribu kwenye kompyuta safi isiyo na chochote ila toleo rasmi, kama ya mtu wa kawaida. Ikasoma. Nikaipa kazi za kutwa nzima, ikasoma mpaka jioni bila kukwama. Nikaiweka kwenye ukurasa wake, maana nywila naijua, kwa jina lake, nikabadilisha tu namba ya mwisho ya toleo, nikafunga mdomo.

Simu zikakoma. Badala yake zikaja pongezi, na pongezi zinakwenda kwa nani? Anazisoma mezani kwa sauti, "Bingwa, Mungu akubariki," "Bingwa, sasa imetulia," halafu ananitazama, "Unaona? Niliwaambia wasiwe na haraka." Shemeji zake walikuja kututembelea, akawaeleza kwamba watumiaji ni watu wa kulalamika kabla ya kuelewa, nami nimesimama hapo na sinia la vikombe, mshauri, nusura liniponyoke.

Hilo ningeweza kulimeza. Lakini juzi mama mkwe alikuja kulala kwetu, akaniita chumbani, akaniambia nifunge mlango. "Mwanangu," akasema, "ile ambayo wenzangu wa chama wanayo sasa, niwekee na mimi. Programu ya mwanangu na plagini yake vinaniangukia kila mara. Akinipigia kuuliza namwambia iko salama." Nikamuuliza tangu lini. "Tangu mwanzo. Nimwambieje? Alinitengenezea kwa mikono yake." Nikakaa kitandani. Kumbe hata juu ya programu yake mwenyewe haifanyi kazi! Nikamwekea toleo rasmi na plagini yangu, na sasa nyumba hii ina wanawake wawili wanaomdanganya mwanaume mmoja kwa mapenzi.

Na bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Chama kimepewa kompyuta mpya kwa ajili ya wanachama, wana mkutano mkuu karibuni, na mume wangu amemwahidi mwenyekiti kwamba siku hiyo, badala ya toleo rasmi, ataweka kwenye kompyuta zote programu yake mwenyewe, anaiita Toleo la Bingwa, ili, kwa maneno yake, "tumalize kelele." Mwenyekiti amefurahi kwa sababu anadhani inayofanya kazi sasa ndiyo hiyo. Siku hiyohiyo ataweka plagini yake mpya kwenye ukurasa, ambayo itafuta ya kwangu, na wote wenye toleo rasmi huko majumbani watarudi kwenye kimya. Na wale wenye Toleo la Bingwa, kila wenye programu watakapoziba tundu au kurekebisha kosa, wao hawatapata kitu mpaka Bingwa apate nafasi, na Bingwa huyu hajapata nafasi ya kukaza bomba la jikoni kwangu tangu tulipohamia.

Nikimwambia, atajua kwamba niliingia kwenye kazi yake kwa mlango wa nyuma, na kwamba hata mama yake alikuwa anamvumilia, na huyu ni mtu ambaye akifungwa kwenye bao anasema ubao umeinama. Nikinyamaza, Mchapaji ameitwa usaili mwingine, na akisasisha plagini kabla ya siku yake tutakuwa tumemuua mara ya pili. Nimwambie nivunje ndoa, au ninyamaze nivunje kompyuta za watu? Nisaidie kabla sijapasuka.

Mimi,
Mke wa Bingwa

JIBU

Mke wa Bingwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilikukasirikia, na bado sijatulia, kwa hiyo kaa vizuri.

Kwanza nikiri kwamba kompyuta mimi najua kuiwasha na kuitukana, zaidi ya hapo sijui. Nikamwita fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, nikampa barua yako. Hakufika hata nusu akaanza kucheka. "Mama," akaniambia, "mume huyu namfahamu. Si yeye, ila wa aina yake wako kila ofisi." Akanieleza, na nikaelewa, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa fundi magari. Nati na bolti zinaweza kuwa na ukubwa mmoja kwa macho, lakini uzi wa moja ukawa mwembamba na wa nyingine mnene. Utazungusha, itashika mzunguko mmoja au miwili, utadhani imekaa, kisha itakwama au itakula uzi. Watu wana bolti ya kiwandani. Mumeo amejichongea bolti yake sebuleni, akatengeneza nati nzuri kweli ya bolti hiyo, sasa anawalaumu watu kwa nini nati haiingii kwenye magari yao. Wenye kiwanda wameandika kipimo cha uzi na kukibandika ukutani. Yeye hataki kukitumia kwa sababu ni cha zamani! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mumeo anataka cha mvunguni akiwa amesimama wima na mikono mfukoni.

Huyo basi ana kosa lake. Lakini aliyeniandikia ni wewe, kwa hiyo nakugeukia wewe.

Kazi yako ni kutafuta makosa. Unalipwa kwa hiyo. Ofisini ukiona programu ina kosa unamwambia fundi, au unarekebisha kimyakimya, unamwachia sifa, kisha unakwenda kulia ndani ya gari? Usingekaa kazini wiki. Sasa kwa nini mumeo umemnyima kitu ambacho mgeni yeyote angekipata kwako? Unaniambia unamtunza. Humtunzi. Umempa ushahidi kwamba alikuwa sahihi! Alikuwa anaelekea kuambiwa ukweli na simu za watu, wewe ukazizima simu, ukamletea pongezi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa hizo ni wewe uliyemchotea. Hilo Toleo la Bingwa linalokunyima usingizi umelizaa wewe kwa nusu. Bila plagini yako mwenyekiti asingekubali hata kusikia.

Na mama mkwe wako, nampa shikamoo yake kwanza, kisha namwambia hivi: mama, wewe ulikuwa mhariri. Uliwarudishia waandishi wakubwa kazi zao zikiwa na wino mwekundu kila ukurasa, na hawakufa. Mwanao naye hatakufa. Umemlea kama yai, naye yai halijui kwamba ni yai, linadhani ni jiwe.

Wewe unayasema haya kana kwamba ni mambo ya mume na mke. Sivyo. Kuna dada wa watu alikaa mbele ya wageni, vidole juu ya vitufe, akingoja sauti ambayo haikuja, na bado akauliza kama kosa ni lake. Huyo ndiye aliyedhulumiwa hapa. Kiburi cha mumeo na woga wako vimekaa juu ya mgongo wake. Kwa hiyo usiniulize tena habari ya kuvunja ndoa. Ndoa inayovunjika kwa sababu mke amesema plagini ina kosa haikuwa ndoa, ilikuwa kikundi cha washangiliaji.

Sasa fanya hivi, na ufanye kabla ya mkutano, usingoje kumwumbua mbele za watu. Mtu mzima akiaibishwa hadharani hujifunza kujitetea tu.

Watoto wapeleke kwa jamaa. Mwite mama mkwe, aje, na aanze kusema yeye. Aliyetengenezewa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusema haikumfaa. Akimaliza, sema wewe: kwamba plagini inayosifiwa uliijenga wewe, lini, kwa nini, na kwamba kuiweka kwa jina lake bila kumwambia ulikosa. Omba msamaha kwa hilo tu. Usiombe msamaha kwa sababu inafanya kazi.

Atabisha. Mwache abishe, usijibu hoja hata moja, maana mnajua wote wawili hoja zenyewe zilivyo. Mchukueni mpaka kwa Mchapaji, kama dada huyo ataridhia, na umwombe kwa heshima, si kumfanya maonyesho. Mumeo asakinishe plagini yake kwa mikono yake kwenye toleo rasmi, na kioo cha kompyuta kifunikwe. Aitumie kwa masikio, kama wanavyoitumia aliowatengenezea. Wewe usiseme neno. Sijui kuna watengenezaji wangapi ambao hawajawahi hata siku moja kukaa kwenye kiti cha mtumiaji, ila nina hakika mmoja wao ni huyo.

Namba ya msaada iwe yake, leo. Simu ni mwalimu, na kwa muda wote huo wewe ndiye uliyekuwa unahudhuria darasa lake.

Kompyuta za chama ziwekwe toleo rasmi na plagini iliyojengwa kulingana nalo, na jina la aliyeijenga liandikwe. Kama mabadiliko yake kwenye programu kubwa ni mazuri kama anavyodai, ayapeleke kwa wenye programu wayapime, wakiyakubali yataingia kwenye toleo la watu wote. Fundi wetu anasema ndiyo njia, na iko wazi. Na akikataa yote haya, mwendee mwenyekiti mwenyewe, mweleze ukweli wote, kabla kompyuta hata moja haijaguswa. Hapo hutakuwa umemsaliti mume. Utakuwa umefanya kazi yako.

Futa machozi, toka ndani ya gari hilo, nenda nyumbani.

Mshauri wako

Jibu hili nilimtumia mwandishi moja kwa moja kabla ya kulichapa, kwa kuwa mkutano wa chama usingelingoja gazeti. Baadaye aliniandikia tena, na kwa ridhaa yake barua hiyo naiweka hapa.

Mpendwa mshauri,

Ulinichapa, na nilistahili.

Mama alianza kusema kabla Bingwa hajakaa sawasawa. Bingwa alisikiliza, akauliza, "Lakini mama, mbona kila nikikuuliza unasema iko vizuri?" Mama akamjibu, "Huniulizi. Unaniambia, 'Si inasoma vizuri?' Mtu akikuuliza hivyo ameshajijibu. Hujawahi kuniuliza, 'Inasomaje?'" Mhariri ni mhariri. Kisha nikasema yangu. Hakunitukana. Alisimama, akasema huo ni uongo wa kiufundi, kwamba plagini yake ikisakinishwa ipasavyo haina tatizo, na kwamba yuko tayari kuthibitisha popote. Nikasema twende.

Mchapaji anaishi chumba cha juu, kwenye ngazi nyembamba nyuma ya duka la vioo. Alitupokea, akatupisha viti, na yeye ndiye aliyefunika kioo kwa kitambaa cha meza, akasema bila ubaya, "Karibu kwetu." Bingwa akasakinisha yake. Ikaanza kusoma vizuri, akanitupia jicho. Mstari wa pili haukuisha. Ikanyamaza.

Akabonyeza kitufe kimoja. Kimya. Akabonyeza kingine, kisha viwili pamoja, kisha akaanza kubonyeza harakaharaka, na mshauri, nilimwona mume wangu shingo inatoka jasho. Mchapaji akamwambia taratibu, "Bonyeza tu popote, shemeji. Na mimi huwa nafanya hivyo." Bingwa hakuondoa kile kitambaa. Hilo nampa. Angeweza kukivuta, hakukivuta, alikaa tu na mikono juu ya vitufe, mpaka tukasikia mtu akishuka ngazi.

Tulirudi nyumbani. Siku kadhaa tuliongea habari za maji na ada za shule tu, akawa analala ameelekea ukutani, mimi nikajua nimeshaipoteza nyumba. Lakini siku ya mkutano alivaa, akabeba toleo rasmi na plagini yangu, akasimama mbele ya wanachama akasema, "Plagini mnayoisifu aliijenga mke wangu. Ya kwangu ndiyo iliyokuwa inawanyamazisha. Kuanzia sasa mkipata shida pigeni kwangu." Halafu akakaa, akasakinisha kompyuta moja baada ya nyingine, na kila aliyekaa mbele yake alimuuliza, "Inasomaje?"

Mchapaji amepata kazi. Si ofisi ile ya kwanza, ni ile ya pili, na tayari ananipigia kulalamika kuhusu bosi wake, nami nasikiliza kwa raha zote, kwa sababu ni lalamiko lisilohusu plagini.

Usidhani Bingwa amekuwa malaika. Samahani hajaitamka mpaka leo, na wenye programu amewaandikia barua ndefu ya kuwashauri wabadilishe kompaila yao, nikamwambia angalau sasa unagombana na watu wa mbali. Aliwapelekea na mabadiliko yake yote. Jana majibu yalikuja, wamekubali moja, mengine wameyarudisha na maelezo ya kwa nini. Aliyasoma mezani, akayasoma tena. Nikajiandaa kusikia kwamba hawajui kazi. Akaigeuza kompyuta upande wangu.

"Hebu niangalizie," akasema. "Hapa wanataka nifanye nini?"

Nikavuta kiti.